Masizi hayaingii kwenye kalamu ya nibu, jamani

"Fundi, huu wino nimetengeneza mwenyewe, wa asili kabisa, hauna kemikali, hauwezi kuua kalamu." Mteja akianza hivyo sina haja ya kuuliza zaidi, najua nikichomoa nibu nitakuta nini, ule ulimi wa plastiki chini yake umejaa gamba jeusi, mifereji imeziba na konveta, kile kibomba cha kuvutia wino, haivuti hata maji.

Tuanze na masizi maana ndio kesi kubwa. Hoja huwa kwamba wazee wametumia masizi na gundi ya mgunga miaka na miaka, watoto wa chuoni wameandikia ubao, sasa kalamu yangu ikatae kwa nini? Wino ule ni mzuri sana, sibishi, masizi ni kaboni na kaboni haipauki juani. Ila waliandikia kalamu ya tete! Unachovya, unaandika, unaosha, ncha ikichoka unachonga upya kwa kisu. Kalamu ya nibu wino unakaa ndani usiku na mchana, unashuka wenyewe kupitia mifereji myembamba kama unywele huku hewa ikipanda kuchukua nafasi yake, na mfumo huo haujabadilika sana tangu Mmarekani Lewis Waterman apate hataza ya kalamu yake mwaka 1884. Wino wa kawaida wa kalamu hizi ni rangi iliyoyeyuka kwenye maji, hauna chembe. Masizi hayayeyuki, yanaelea tu, na kinachoyafanya yaelee na yashike karatasi ni ile gundi. Iache kalamu mezani siku chache, maji yanakauka kwenye ncha, gundi inabaki, basi tena.

Halafu linakuja lile jibu, "lakini mimi niliuchuja". Ulichuja na nini, kitambaa? Chujio la kahawa? Gundi imeshayeyuka kwenye maji, inapita popote maji yanapopita, na ndio hiyo hiyo inayokuja kuziba. Haya, usitie gundi. Masizi yanatuama chini ya chupa, na yaliyofika kwenye karatasi unayafuta kwa kidole. Na msiniletee habari za Platinum Carbon Black, ule wino wa dukani, ndio, ni wa kaboni na unaingia kwenye kalamu, lakini chembe zake zimesagwa kiwandani ndogo mno, sio hizo ulizokwangua chini ya sufuria. Hata huo wenyewe usiuache ukaukie ndani.

Mimi ushauri wangu siku zote ni ule ule: mimina wino kwenye glasi, uache usiku kucha usiuguse, ukiona kitu kimetuama huo ni wino wa kuchovya. Nunua nibu ya kuchovya na mpini wake, uchezee masizi yako kwa raha zako. Usipotuama bado usikimbilie kalamu ya babu, jaribu kwanza kwenye ya bei poa.

Wengine wanapika strungi nzito na misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki. Kemia yake ni ya kweli kabisa, tanini ya majani ya chai na chuma cha misumari vinakuwa vyeusi vikikutana na hewa, na kuna wino wa aina hiyo wa kalamu, Diamine Registrar's kwa mfano. Ila ule umepimwa. Wako una asidi usiyoijua kipimo, unakula nibu ya chuma, na masalia meusi yanaganda kwenye ulimi hata kama nibu yako ni ya dhahabu.

Rozela? Inaandika vizuri leo, nyekundu tamu, kesho imegeuka kijivu kwa sababu karatasi nyingi za siku hizi zina chokaa ndani. Baada ya hapo ukungu. Sasa mtu anatia chumvi ili isiote ukungu, chumvi jamani, kwenye nibu ya chuma! Mafuta ya karafuu nayo hayachanganyiki na maji, yanaelea juu tu. Spiriti ili ukauke haraka, wino unasambaa kwenye karatasi na plastiki nyingine zinaliwa. Wino wa muhuri sitaki hata kuuongelea.

Kama lazima utengeneze, tafuta rangi inayoyeyuka yote kwenye maji, isibaki hata punje, tia na tone la gliserini. Maji ya kisima yana chumvi na chokaa, tumia maji ya betri, yaani yale yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke, SIO asidi ya betri, soma lebo maana chupa zinafanana.

Na kama masizi yameshaingia usingoje mpaka Jumamosi ndio uniletee. Mwaga sasa hivi, loweka kwenye maji baridi yenye tone la sabuni ya vyombo, badilisha mpaka yatoke meupe, gundi ya mgunga ukiiwahi inayeyuka tena. Maji ya moto hapana, ulimi unapinda. Ila kama ulichotia ni ule wino wa wachoraji wenye shelaki, ile gundi ya vanishi isiyoyeyuka tena kwenye maji, na ukakauka humo, lete, nitajaribu, lakini siahidi kitu.