Chotara wa kubuni ni mnyama gani, na kwa nini lazima ajue kula

Mkulima wa Mbozi au Uyole hahitaji kamusi kulielewa neno chotara. Mahindi ya mbegu chotara anayapanda, na anajua kwamba akichukua mbegu kwenye mavuno yake mwenyewe, mwaka unaofuata shamba halitakuwa lile. Wafugaji wa Rungwe nao wana ng'ombe chotara wa maziwa. Chotara ni mzao wa wazazi wa mbegu mbili, pengine hata wa jamii mbili za wanyama, kama baghala: mama farasi mwenye kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 64, baba punda mwenye 62, mtoto anabaki na 63. Hesabu hiyo haigawanyiki vizuri kwa mbili, na baghala karibu wote ni tasa. (Wengine humwita nyumbu, jina lile lile la yule wa Serengeti, ambaye wala si chotara.)

Chotara wa kubuni hana wazazi, ana mtungaji. Mtu anachukua kiungo huku na kiungo kule, anaviunga kichwani, anapata kiumbe ambacho hakuna jike lililokizaa. Wagiriki wa kale walikuwa na mnyama wao wa simba, mbuzi na nyoka kwa pamoja. Pwani nguva ni mnyama wa kweli, ananyonyesha na kula nyasi za baharini, ila masimulizi yakampa nusu ya mwanamke. Hata twiga wetu hakusalimika: jina la kisayansi alilopewa zamani lina neno camelopardalis, yaani ngamia-chui, kwa kuwa watu wa kale wa ng'ambo walipomwona waliona wanyama wawili.

Kuunga viungo ni kazi nyepesi, mtoto yeyote mwenye penseli anaiweza. Kazi yenyewe ni historia asilia ya mnyama huyo. Historia hapa si ya machifu na vita. Ni maelezo ya maisha ya kiumbe mahali pake: anakula nini, analala wapi, anazaa lini, nani anamla.

Maelezo hayo ndiyo yanayomtoa mnyama kwenye masimulizi, na huku kwetu tumeyaona yakifanya hivyo. Wanyakyusa walikuwa wakimtaja kipunji, kima wa mlima Rungwe mwenye manyoya marefu, na kwa sababu wana pia hadithi za wanyama wa mizimu, watafiti hawakujua wamweke upande gani. Walipomfuata msituni wakamwona, wakasikia mlio wake, dunia ikatangaziwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani ukoo wa peke yake. Halafu likaja la kuchekesha: kipunji wa upande wa mlima Rungwe na milima ya Livingstone wamekutwa na chembe za urithi zinazofanana na za nyani wa manjano, ilhali wenzao wa Ndundulu kule Udzungwa hawana. Inaelekea zamani walizaliana. Aliyedhaniwa wa hadithini, kumbe ana uchotara wa kweli.

Sasa wa kubuni. Mpwa wangu wa Tukuyu, siku mvua ilipotufungia ndani (na Tukuyu mvua haina adabu), alichora nyuma ya kaunta buku mbuzi mwenye macho na ulimi wa kinyonga, na mabawa juu. Akamwita mbunyonga. "Anakaa Kitulo, mjomba, kuna maua mengi."

Kitulo ni mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai sakitu inalala juu ya nyasi. Kinyonga hatengenezi joto la mwili, asubuhi lazima aote jua kwanza. Mbuzi analo lake, na sehemu yake inatoka tumboni humo humo majani yanamochachuka. Kwa hiyo mbunyonga akapewa damu ya mbuzi na manyoya mazito. Hapo tukakwama. Kinyonga hubadili rangi kwa kusogeza fuwele ndogo mno zilizo ndani ya ngozi. Ukizifunika kwa manyoya, nani ataziona? Mpwa alifikiri, akamnyoa uso tu. Uso mtupu, mwili wa blanketi. Rangi ikawa si ya kujificha tena, ikawa ya kusemezana, na kwa kweli hata vinyonga wenyewe huitumia sana kwa kazi hiyo.

Ulimi ulitusumbua zaidi. Wa kinyonga hufanya kazi kama manati: msuli unavuta, kitu kama mpira kinajaa nguvu, kisha unaachia. Ndiyo maana hata kwenye baridi haulegei sana. Ila vinyonga wadogo ndio wenye ulimi mrefu na wenye nguvu zaidi ukilinganisha na miili yao. Ukimkuza mnyama, faida inapungua. Tena mbuzi wa kilo 30 akiishi kwa nzi atakufa njaa kabla ya Jumapili. Tukaamua ulimi ni wa kunyakua majani machanga katikati ya miiba, pale mdomo wa mbuzi wa kawaida usipofika. Unanata, unavuta, na meno ya chini yanakata dhidi ya ufizi, maana mbuzi hana meno ya mbele juu.

Mabawa tuliyafuta kwa ugomvi. Miguu minne anayo tayari, na kifua cha kubeba misuli ya kurukia hana.

Kuzaa kulikuwa rahisi. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, mvua za Kitulo huanza Novemba, majani yanachipua. Basi wanapandana Juni, nyuso za madume zikiwaka nyekundu juu ya sakitu. Picha hiyo naipenda kuliko mchoro wenyewe.

Nilimwachia swali la adui. Asubuhi nilikuta ameandika chini ya mchoro, kwa hati ya kubana: "Chui humkamata ulimi ukiwa nje."