Bendi haikuua mswada wa baiskeli

Shemeji yangu wa Houston amenitumia tena. Ni picha ileile ya kila mwaka wa witiri: vijana wa bendi ya gwaride wamejipanga jukwaani na sare zao za vifungo vya dhahabu, wabunge wamewageukia wanapiga makofi, na chini ameandika: "Bendi imepitishiwa sheria kwa dakika tano. Ya baiskeli, miaka nenda rudi, hakuna. Wabunge wenu hao!" Ya baiskeli ni ile ya kumtaka dereva aache nafasi anapompita mwendesha baiskeli. Wenu, yaani mimi, kwa sababu ndiye niliyebahatika kufanya kazi Austin, makao makuu ya jimbo la Texas, ofisi ya mbunge, meza ya mambo ya barabara. Zamani nilikuwa namjibu kwa sauti ya sekunde thelathini. Safari hii nimechoka, naandika.

Bendi haikupitishiwa sheria. Ilipewa HR, yaani azimio la Baraza la Wawakilishi peke yake. HR haivuki kwenda Seneti, haifiki kwa gavana, haimfungi mtu wala kumtoza senti. Ni "KWA KUWA" kadhaa na "IMEAZIMIWA" moja: kwa kuwa vijana hawa walifika fainali za UIL, mashindano ya shule za Texas, pale Alamodome, San Antonio, kwa kuwa walifanya mazoezi juu ya lami ya maegesho katika jua la Agosti la Texas, ambalo si mchezo, basi Baraza linawapongeza, na nakala rasmi iandaliwe. Nyingi hazisomwi hata moja moja. Zina kalenda yao, ya pongezi na rambirambi, zinapita kwa mkupuo. Uliyewahi kumsikia Spika kule Dodoma akitambulisha wageni huku meza zikigongwa, umeshaelewa, ila huku mgeni anaondoka na karatasi yenye muhuri.

Basi kuna wale wanaojifanya wameelewa kuliko shemeji. Hao ndio wananipandisha mori. Wanasema, "Aa, kumbe ni azimio tu." Azimio tu! HJR, azimio la pamoja la Baraza na Seneti, nayo ni azimio. HJR ndiyo inayobadilisha katiba ya Texas: theluthi mbili ya kila upande, yaani wawakilishi 100 kati ya 150 na maseneta 21 kati ya 31, halafu inakwenda kwa wapigakura bila hata kumgusa gavana. Novemba 2025 watu wa Texas walipigia kura marekebisho 17 ya katiba, na yote 17 yalizaliwa yakiitwa azimio. Katikati yake kuna HCR, ya pande zote mbili, ambayo hupelekwa kwa gavana. Kwa hiyo mtu akikwambia "azimio limepita", swali la kwanza ni herufi gani zimetangulia namba. Herufi moja tu, J, inatenganisha pongezi za tarumbeta na katiba ya jimbo. Nimewahi kumsikia mtangazaji wa redio akizichanganya hewani, nikazima redio nikaendesha kimya hadi nyumbani.

Sasa turudi kwenye hizo dakika tano. Picha ilipigwa Februari. Bunge la Texas hukaa siku 140 tu, kila baada ya miaka miwili, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari. Katiba yenyewe imezigawa hizo siku: 30 za kuwasilisha miswada, 30 za kamati kusikiliza, na ndipo ukumbi uanze kupitisha. Ndani ya siku 60 za mwanzo mswada wa kawaida haupitishwi ukumbini, labda gavana autangaze kuwa wa dharura, au wabunge wanne kati ya kila watano wakubali kuiweka kando kanuni hiyo. Kwa maneno mengine, asubuhi ile ya Februari mswada wa baiskeli usingeweza kupita hata bendi ingebaki nyumbani imelala. Muda gani uliopotezwa?

Na mswada wenyewe ulishawahi kupita! Hili watu hawalikumbuki kabisa. Mwaka 2009 SB 488, mswada wa Seneti namba 488, ulipita pande zote mbili. Ulitaka dereva anayempita mwendesha baiskeli, mtembea kwa miguu, mpanda farasi na wengine wa aina hiyo aache futi 3, na malori ya biashara futi 6. Gavana Rick Perry akaupigia kura ya turufu mwezi Juni. Wakati huo wabunge walikwisha kwenda makwao, na Texas bunge likishafungwa haliwezi kurudi lenyewe kutengua turufu. Ikaishia hapo. Austin na San Antonio wakajitungia kanuni zao za mji. Sheria ya jimbo mpaka leo inasema tu umpite mwenzio kwa "umbali salama", na kila dereva anao umbali wake salama kichwani.

Miswada mingine haifiki hata kwa gavana. Inakaa kwenye kamati ya kalenda, ile inayopanga mswada upi ufike ukumbini, hadi tarehe ya mwisho ipite. Hakuna kura, hakuna hotuba, hakuna wa kulaumiwa. Jamani, hapo ndipo pa kupiga picha. Lakini kamati isiyofanya kitu haina sura, wala haivai kofia yenye manyoya.

Nikiri jambo. Mei mambo hubadilika. Usiku wa tarehe ya mwisho ya miswada ya Baraza, ambayo isipopita hadi saa sita kamili inakata roho, wapo wabunge wanaovuta maneno makusudi ili saa iende. Usiku kama huo pongezi ya dakika tano ni dakika tano kweli, na hapo shemeji angekuwa na hoja. Jingine linaloninyima usingizi: hizo futi 3 zenyewe, ambazo nimezipigania miaka, sina uhakika kwamba zinaokoa watu kiasi tunachodai kwenye vikao. Jimbo la Wisconsin wanazo tangu 1973, jimbo la Pennsylvania waliweka futi 4 mwaka 2012. Lakini askari atazipimaje? Chattanooga, Tennessee, polisi walijaribu kifaa cha kupima umbali kwa mawimbi ya sauti, kinafungwa kwenye usukani wa baiskeli. Kizuri, ila askari wangapi wanapanda baiskeli? Mbele ya kamati huwa simwambii mtu haya. Nadhani njia iliyotengwa kwa ukingo wa zege inafanya kazi kuliko namba, lakini zege hutoka kwenye bajeti, na huko ni meza ya mtu mwingine.

Na wewe unayeendesha usiku bila taa: sheria ya taa ipo, sura ya 551 ya sheria za usafiri za Texas, nyeupe mbele, nyekundu au kiakisi nyuma. Hiyo haisubiri mswada wowote.

Nilimsomea shemeji haya yote kwenye simu. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, kwa adabu ambayo sijaizoea kwake, kama bendi ya kijana wake, yule mpiga tromboni, nayo inaweza kupata hiyo HR. Nikamwambia anitumie jina la mwalimu wa bendi, na ahakikishe herufi zake.