Degedege baada ya chanjo: maana yake ni nini?

Mtoto kachanjwa surua Jumatatu pale zahanati. Kalala vizuri, kacheza siku zote. Jumatano ya wiki ya pili mwili unawaka moto, macho yanageuka juu, mikono na miguu inakakamaa na kurusharusha. Dakika mbili tu, lakini jirani keshasikia kelele na keshafika: "Si mlimpeleka sindano?"

Wahudumu wa afya huyaita madhara kama haya maudhi ya chanjo. Mengi ni madogo: homa, uvimbe pale sindano ilipoingia, mtoto kulialia. Yanayogusa ubongo au mishipa ya fahamu ni nadra, na linaloonekana zaidi kwa watoto ni hili degedege la homa. Joto linapopanda, ubongo mchanga wa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 unaweza kuvurugika kwa muda. Mara nyingi degedege hilo hutulia lenyewe na haliachi kilema. Hapa chanjo yenyewe haiugusi ubongo. Inaleta homa, na homa ndiyo inayoleta degedege, kama inavyofanya homa ya masikio au ya mafua.

Kwa hiyo hesabu siku. Chanjo ya surua ina kirusi hai kilichodhoofishwa, kinachohitaji muda kuongezeka mwilini, ndiyo maana homa yake huja kati ya siku ya 7 na ya 12 hivi. Ile yenye kinga ya kifaduro huleta homa siku hiyohiyo au kesho yake. Degedege la wiki ya nne tafutia sababu nyingine. Kwa chanjo ya surua, degedege linakadiriwa kumpata mtoto mmoja katika dozi 3,000 hadi 4,000. Surua yenyewe huvimbisha ubongo wa mgonjwa mmoja hivi katika kila 1,000, na huo si mshtuko wa dakika mbili.

Ila huku kwetu Lindi na Mtwara hata siku zikilingana usiridhike. Malaria haichukui likizo kwa sababu mtoto kachanjwa. Apimwe. Kuna na ule usemi wa pwani kwamba degedege ni ndege wa kishetani, na mtoto aliyeshikwa nalo akidungwa sindano atakufa. Bibi anayesema hivyo anampenda mjukuu, simcheki, lakini kama ni malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, saa za kufukiza dawa nyumbani ndizo zinazoua.

Lipo pia tatizo la Guillain-Barré: kinga ya mwili inashambulia mishipa ya fahamu, udhaifu unaanzia miguuni na kupanda juu. Mwaka 1976 Marekani ilisimamisha chanjo ya mafua ya nguruwe kwa ajili yake, baada ya kuonekana karibu mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila watu 100,000 waliochanjwa. Mtu akilegea miguu hivyo, kachanjwa au hakuchanjwa, ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Degedege likimshika mtoto, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala maji mdomoni, tazama saa. Likipita dakika 5, ni kukimbia naye. Likiisha kabla, bado mpeleke. Beba kadi ya kliniki, maana tarehe ya chanjo imeandikwa humo, na muuguzi ataiuliza kabla ya kupanga dozi inayofuata.