Diski mpya isiyoonekana haijafa

Umefunga diski mpya kwenye kompyuta uliyoiunda mwenyewe, umewasha, lakini Windows haionyeshi herufi yoyote mpya ya diski, kama D:. Wengi hapo husema "imekufa" na kuirudisha dukani. Tafadhali, subiri kwanza! Diski nyingi za ndani hutoka kiwandani zikiwa tupu, hazijagawanywa wala kufomatiwa, na diski ya namna hiyo haipewi herufi.

Ingia BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Ukiliona jina la diski hapo, kebo zimeshika. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike diskmgmt.msc ili kufungua programu ya Windows ya kusimamia diski. Utaulizwa MBR au GPT, ambazo ni njia mbili za kupanga sehemu za diski: chagua GPT, maana MBR huishia takriban terabaiti 2, na diski ya terabaiti 4 ingebaki nusu haitumiki. Chini utaona mstari mweusi, ambao ni nafasi isiyogawanywa. Ubofye kulia, utengeneze sehemu, ufomati kwa NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili.

Diski ya zamani yenye picha zako usiifanyie hivi kamwe.