Ukikimbia peke yako mbioni, usiuachie umati mwendo wako

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dodoma. Kila baada ya mbio kubwa za hisani mjini kwetu, Jumatatu na Jumanne zinazofuata huwapokea watu wenye vifundo vilivyoteguka, magoti yaliyovimba na vigimbi vilivyokaza kama kamba ya mkonge. Nikiwauliza mambo yalikwendaje, wengi hunieleza kwamba walifanya mazoezi kwa wiki nyingi pamoja na wenzao, wakalala mapema, wakala vizuri, kisha siku yenyewe wakajikuta wamesimama peke yao katikati ya maelfu ya watu wasiowajua, na mambo yakaharibika ndani ya dakika kumi za kwanza. Ndiyo maana nimeamua kuandika kwa kirefu kuhusu dakika hizo, kwa sababu naamini mtu anayekimbia peke yake kwa mara ya kwanza katika mbio za watu wengi ana kazi moja kubwa kuliko zote, nayo ni kuulinda mwendo wake usichukuliwe na umati.

Jambo hili nililijua kwa mwili wangu kabla sijalieleza kwa mgonjwa yeyote. Nilikuwa nimekimbia na kikundi cha jogging cha mtaani kwetu Ipagala kwa miaka 4, kila Jumamosi alfajiri. Mwaka huo tulijiandikisha watu 12 kwa mbio za kilomita 10 za mwezi wa Julai. Siku mbili kabla ya mbio mwenzetu alifiwa na mama yake Kondoa, kikundi kizima kikaenda msibani, nami nikabaki kwa sababu nilikuwa na zamu ya Jumamosi ambayo sikupata mtu wa kunishikia. Kiongozi wetu alinipigia simu kutoka huko akaniambia, "Dada, usiache kwenda. Kakimbie na kwa niaba yetu." Basi Jumapili saa 11 alfajiri nikachukua bodaboda peke yangu.

Ili kueleza kilichonipata, lazima kwanza nieleze kikundi kinamfanyia nini mkimbiaji bila yeye kujua. Sisi tuliosoma shule za Tanzania tulilelewa na mchakamchaka: mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia, na miguu yote inakanyaga pamoja. Vikundi vya jogging vimeurithi utaratibu huo, na ndani yake mna kipimo cha kitaalamu kilicho sahihi sana. Mtu akikimbia kwa kasi ambayo mapafu na moyo vinaweza kuipatia misuli oksijeni ya kutosha, pumzi humbakia ya kuitikia mstari mzima wa wimbo. Akivuka kasi hiyo, misuli huanza kutengeneza sehemu kubwa ya nguvu zake kwa njia isiyotumia oksijeni, njia ambayo hula haraka sukari iliyohifadhiwa mwilini, pumzi huja kwa kasi ili kutoa hewa chafu, na maneno hukatika katikati. Kiongozi mzuri akisikia kiitikio kimepungua sauti hupunguza mwendo palepale. Kwa hiyo mtu wa kikundi anaweza kukimbia miaka 4, kama nilivyofanya mimi, bila kuwahi kujipimia mwendo hata siku moja, kwa sababu wimbo ulikuwa ukimpimia.

Katika mbio za umati wimbo huo haupo. Badala yake kuna spika kubwa, mshereheshaji anayehesabu kurudi nyuma na watu wanaorukaruka pande zote, na mwili hujibu hali hiyo kwa kumimina adrenalini kwenye damu. Mapigo ya moyo hupanda kabla hujapiga hatua ya kwanza, maumivu madogo hupotea, na miguu huhisi wepesi ambao hukuwahi kuuhisi katika mazoezi. Wepesi huo ni wa kweli, lakini ni wa mkopo. Mimi, ambaye kwenye kikundi nilikuwa nikikimbia kilomita moja kwa dakika 7, niliimaliza kilomita ya kwanza kwa dakika 5 na nusu, na nilipoitazama saa nilifurahi.

Karibu na kilomita ya tatu mzee mmoja mwenye kofia ya baraghashia, aliyekuwa akikimbia taratibu kando ya barabara, aliniambia nilipokuwa nikimpita, "Mwanangu, mbona unakimbia kama unafukuzwa?" Nilitaka kumwamkia. Nilisema "Shika—", na neno "moo" halikutoka, kwa kuwa pumzi ilikuwa imekwisha. Yeye akaitikia "Marahaba" kwa sauti iliyotulia kabisa, kama mtu aliyeketi barazani kwake. Salamu ya neno moja ilinishinda, na palepale nikaelewa kwamba nilikuwa nimevuka kipimo tangu zamani. Kilomita ya sita ilinikuta na kichomi upande wa kulia, nikatembea kwa muda mrefu, na yule mzee akanipita.

Tangu siku hiyo nimejiwekea kipimo changu badala ya wimbo, nacho ndicho ninachowafundisha wote wanaokwenda mbioni peke yao. Kila baada ya kilomita moja nataja kwa sauti, kwa pumzi moja, majina ya maeneo ya mji wetu: Kizota, Nkuhungu, Chang'ombe, Miyuji, Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Ihumwa. Nikifika Ihumwa bila kuvuta hewa, mwendo ni wangu. Pumzi ikikatika kabla ya Ilazo, napunguza mara moja hata kama kila mtu ananipita. Wanaokusikia watadhani unaomba dua, na hakuna atakayekusumbua. Chagua maneno yako mwenyewe, yajaribu kwenye mazoezi, na uyatumie hasa katika kilomita 2 za kwanza, maana hapo ndipo mwili unaposema uongo zaidi.

Sababu ya pili inayowafanya watu waharakishe mwanzoni ni hesabu mbaya. Katika umati mkubwa, mtu aliyesimama nyuma anaweza kutembea dakika 3 baada ya mlio wa kuanza kabla hajaufikia mstari wenyewe. Moyoni anajiambia kwamba amepoteza dakika 3 na lazima azirudishe. Sasa tazama: dakika 3 ni sekunde 180. Mtu wa dakika 7 kwa kilomita akitaka kuzifidia katika kilomita 2 za kwanza, atalazimika kukimbia kila kilomita kwa dakika 5 na nusu, yaani kosa lilelile nililolifanya mimi. Hata akizigawa sawasawa katika kilomita zote 10, bado atatakiwa kuongeza kasi kwa sekunde 18 kila kilomita kuliko alivyojiandaa. Kama namba yako ya kifuani ina chipu, yaani kifaa kidogo cha kupimia muda, muda wako binafsi huanza kuhesabiwa unapokanyaga mkeka wa mstari wa kuanzia, kwa hiyo hujapoteza chochote. Kama mbio hazina chipu, washa saa yako mwenyewe unapovuka mstari na uziache dakika hizo ziende zake.

Wapo wanaonijibu kwa kumtaja Filbert Bayi, ambaye Februari 2, 1974, kule Christchurch, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Nampenda Bayi kama kila Mtanzania anavyompenda. Lakini Bayi alikimbia mbele, uwanja ukiwa wazi, kwa mwendo alioufanyia mazoezi hadi akaujua. Hakuna aliyemsukuma kuuchagua. Kwa mtu anayekimbia ndani ya watu, mfano wa karibu zaidi ni mwana wa Singida, Alphonce Simbu. Septemba 2025 mjini Tokyo alivumilia ndani ya kundi kwa sehemu kubwa ya kilomita 42.195, akaja kutwaa ubingwa wa dunia katika hatua za mwisho kabisa kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule ulioandikwa kwa Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili.

Nije kwenye namna ya kupita watu, maana hapa pana imani ambayo si sahihi. Watu husema kupinda kushoto na kulia kunaongeza umbali. Kunaongeza kweli, ila kidogo mno: ukivuka barabara yenye upana wa mita 7 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine huku ukisonga mbele mita 50, unaongeza kama nusu mita tu. Kinachokumaliza ni kufunga breki na kuondoka tena. Kila unapojibana nyuma ya mtu, misuli ya mbele ya paja hupokea uzito wa mwili wote ili ikusimamishe, kisha unapochomoka lazima uusukume uzito huohuo upya. Fanya hivyo mara 40 katika kilomita 2 na mapaja yatakuwa yamefanya kazi ambayo hukuyaandalia. Kwa hiyo shika upande mmoja wa barabara, kaa nyuma ya mtu mwenye mwendo unaokaribiana na wako, na subiri nafasi ifunguke yenyewe. Wanaoanza kwa kasi kupita uwezo wao watachoka na kuanza kutembea, na umati utalegea.

Wakati umati bado umebana, fupisha hatua zako na uzifanye za haraka zaidi, kwa sababu hatua fupi hukuwezesha kusimama au kubadili upande bila kujikwaa. Macho yasitazame visigino vya aliye mbele. Yaweke kwenye kiuno chake, kwani mtu hawezi kugeuka wala kusimama bila kiuno kutangulia kuonyesha. Na kamba ya kiatu ikifunguka, usiiname hapohapo ulipo hata kwa sekunde moja. Inua mkono juu, sogea taratibu hadi ukingoni, toka nje ya lami kabisa, ndipo uiname. Niliwahi kumhudumia kijana aliyevunjika mfupa wa kiganja kwa kumwangukia mtu aliyeinama ghafla mbele yake.

Vituo vya maji navyo vinahitaji tahadhari, kwa sababu hapa kwetu mara nyingi hugawiwa chupa ndogo za plastiki, mtu akanywa mafunda mawili na kuitupa ikiwa bado na maji. Chupa yenye maji ikikanyagwa haibonyei. Inazunguka, na mguu unakwenda nayo. Hivyo ndivyo vifundo vingi ninavyovishughulikia huteguka, upande wa nje, mguu ukikunjika kwa ndani. Usikimbilie meza ya kwanza ambako watu wote wanarundikana. Nenda hadi ya mwisho, punguza mwendo, chukua maji, tembea hatua kumi ukinywa. Kunywa kadiri unavyohisi kiu. Kujaza maji tumbo kwa hofu ya hewa kavu ya Dodoma hakusaidii, na kuzidisha sana kunaweza kupunguza chumvi ya damu hadi hatari.

Kuhusu hali ya mji wetu, wageni wajue kwamba tuko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko pwani. Anayetoka Dar es Salaam asishangae pumzi kukatika mapema. Kiangazi upepo wetu huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo ukielekea upande wa Barabara ya Dar es Salaam asubuhi utakutana na upepo na jua usoni kwa pamoja. Hapo umati una faida yake: jikinge nyuma ya watu, usitazame saa, tumia kipimo cha pumzi.

Mavazi sitayasemea sana; vaa ulivyovizoea, na usijaribu raba mpya siku hiyo. Lakini yapo mambo ya aliye peke yake. Bandika namba kwenye fulana nyumbani, fulana ikiwa imetandazwa mezani, kwa pini nne, kwa kuwa hakutakuwa na mwenzako wa kukubandikia kifuani gizani. Nyuma ya namba andika kwa kalamu ya wino usiofutika jina lako, simu ya ndugu atakayepokea asubuhi hiyo, na ugonjwa au dawa yoyote ambayo mhudumu anapaswa kuijua. Ufunguo upitishe kwenye kamba ya kiatu na uufungie fundo. Mwenye shinikizo la damu au kisukari amwone daktari wake wiki kadhaa kabla.

Ukivuka mstari wa kumalizia usikae chini. Wakati wa kukimbia misuli ya miguu husaidia kuirudisha damu kwenye moyo. Ukisimama ghafla damu hutuama miguuni, kichwa huwa chepesi, na huenda ukaanguka pasipo mtu wa kukudaka. Tembea dakika 10, vaa fulana kavu kabla ya kupanda bodaboda, kwa maana upepo wa Julai juu ya jasho hukaza misuli. Siku ile mimi nilitembea hadi chini ya mwarobaini mmoja nje ya uwanja, nikamkuta yule mzee amesimama hapo akinyoosha miguu. Nikamwamkia tena, safari hii neno zima. Kisha nikapiga simu Kondoa.