Kusanidi fremuweki ya CSS maana yake ni nini?

Fungua mradi wowote wa tovuti uliopitia mikono mingi. Utakuta kitufe cha ukurasa mmoja kina rangi yenye namba #1d4ed8, cha ukurasa mwingine #1e50d9, na mahali fulani mtu kachoka akaandika blue, basi. Zote zilikusudiwa kuwa bluu moja. CSS ni lugha inayopamba kurasa za tovuti, na fremuweki yake ni zana inayokutengenezea mitindo hiyo. Kusanidi fremuweki ya CSS ni kuandika maamuzi kama hayo (rangi, herufi, nafasi, upana wa skrini) mara moja na mahali pamoja, halafu fremuweki yenyewe itengeneze mitindo kutokana nayo.

Wengi huichukulia fremuweki kama ghala la nguo zilizokwisha kushonwa, kazi yako kuchagua tu. Ni cherehani zaidi kuliko ghala. Hata Bootstrap, fremuweki iliyotoka mwaka 2011, ukiitumia kupitia Sass (lugha inayogeuzwa kuwa CSS) unaweza kuipa vipimo vyako. Thamani zake zina alama ya !default, yaani "tumia hii kama hakuna iliyotangulia". Kwa hiyo rangi yako lazima iandikwe kabla ya kuiingiza Bootstrap. Ukiiandika baada ya hapo, hupati hata onyo; vitufe vinabaki na bluu yao ileile.

Kwenye Tailwind, fremuweki nyingine, jambo hili linaonekana waziwazi. Tangu toleo la 4, la Januari 2025, mipangilio hukaa ndani ya faili la CSS lenyewe:

@import "tailwindcss";
@theme {
  --color-chapa: #0b6e4f;
  --breakpoint-pana: 90rem;
}

Kwa mstari ule mmoja wa rangi umepata klasi (majina ya mitindo unayoyabandika kwenye HTML): bg-chapa ya mandhari ya nyuma, text-chapa ya maandishi, border-chapa ya mpaka, na nyinginezo. Mstari wa pili unakuruhusu kuandika pana:flex, mpangilio unaoanza kufanya kazi skrini ikifikia upana huo. Hakuna klasi hata moja uliyoiandika kwa mkono.

Miradi ya toleo la 3 hutumia faili la tailwind.config.js, na humo ndimo nilimopoteza jioni nzima. Niliweka rangi yangu moja chini ya theme badala ya theme.extend. Kijivu chote cha tovuti kikatoweka, pamoja na nyekundu ya ujumbe wa makosa. Sababu ni kwamba theme hufuta orodha ya rangi iliyokuja na fremuweki na kuweka yako, ilhali extend huongeza juu yake. Kwenye toleo la 4, kuongeza ndiyo kawaida. Ukitaka kufuta rangi zote za mwanzo unasema mwenyewe: --color-*: initial.

Kuna mtego mwingine ambao hauko kwenye mipangilio, ingawa mipangilio ndiyo hulaumiwa. Tailwind haiendeshi msimbo wako. Inayasoma mafaili kama maandishi matupu na kutafuta majina ya klasi, kisha hutengeneza yale tu iliyoyaona. Ukiandika "bg-" + rangi kwenye JavaScript, jina kamili halimo popote, kwa hiyo mtindo hautengenezwi. Andika bg-red-600 na bg-green-600 kwa ukamilifu, kisha msimbo uchague kati yake. Toleo la 3 huhitaji pia uorodheshe kwenye content folda za kusomwa. Toleo la 4 huzitafuta lenyewe, ila huruka zilizotajwa kwenye .gitignore, faili linaloorodhesha vitu ambavyo Git isivihifadhi.

Kuhusu majina nina msimamo: ipe rangi jina la kazi yake, si la sura yake. Ukiita --color-nyekundu, siku rangi ya onyo itakapogeuzwa kuwa ya machungwa utabaki na text-nyekundu yenye rangi ya machungwa kwenye mafaili 60. Ukiita --color-onyo, unabadilisha mstari mmoja na kwenda kulala.