Mtoto wa skeiti akirefuka miruko inapotea, msimkatie tamaa

Nafundisha vijana wa mashindano ya kuteleza kwenye barafu, na swali ninaloulizwa na wazazi kuliko yote ni hili, mbona mtoto alikuwa anaruka vizuri akiwa na miaka 12, sasa ana 14 anaanguka kila siku? Wengi wanadhani amekuwa mvivu au kaingiwa na mambo ya ujana. Hapana jamani, amekua tu.

Mtelezaji akiruka anakaa hewani nusu sekunde na kidogo, hata wale wakali kabisa ni kama sekunde 0.7 hivi. Ndani ya huo muda mruko uitwao akseli, ule wa mara tatu, unataka mizunguko mitatu na nusu, maana akseli ndo mruko pekee unaouanza ukiwa unaangalia mbele. Kasi anaipata kwa kujibana, mikono kifuani, miguu imepishana, na mtoto mdogo hana nyonga hana mabega kwahiyo anazunguka kama pia. Afu ghafla anarefuka, nyonga zinapanuka, uzito unaongezeka, anavuta mikono vilevile kama zamani na kasi haiji, anatua bado hajamaliza. Paneli ya ufundi, yaani maafisa wanaokagua miruko, wanarudisha video polepole, mzunguko ukipungua kwa zaidi ya robo thamani inashuka, upungufu ukifika nusu anahesabiwa mruko wa chini yake kabisa, yaani wa mara tatu unakuwa wa mara mbili. Ndo maana pointi zinaanguka hata siku ambayo yeye mwenyewe hajaanguka.

Hapo ndo watu wanaharibu. Anaongezewa mazoezi, mruko uleule asubuhi na jioni, na kutua ni kwa mguu mmoja, kishindo chake ni mara kadhaa ya uzito wa mwili wakati mifupa bado haijakomaa. Mgongo unaanza kuuma, nyonga, kifundo. Wengine wanaacha kula ili wabaki wadogo, na hili linaniuma kuliko yote. Yulia Lipnitskaya wa Urusi alipata dhahabu ya timu Olimpiki ya Sochi 2014 akiwa na miaka 15, na mwaka 2017 ikajulikana ameacha mashindano baada ya kutibiwa anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, akiwa na miaka 19 tu.

Mwaka 2022 shirikisho la kimataifa la kuteleza kwenye barafu, ISU, lilipiga kura kupandisha umri wa kuingia ngazi ya wakubwa kutoka 15 hadi 17, kwa hatua, ikakamilika msimu wa 2024/25. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Zamani kocha angeweza kukamua kila kitu kabla mtoto hajabalehe, sasa lazima amfundishe mwili utakaodumu.

Mtazameni Alysa Liu. Bingwa wa Marekani 2019 akiwa na miaka 13, mwaka huohuo akatua lutzi, aina nyingine ya mruko, ya mara nne kwenye mashindano ya vijana. Olimpiki ya Beijing 2022 alikuwa wa sita, akachukua shaba ya dunia, akaacha akiwa na miaka 16 kwa sababu alitaka kuishi maisha ya kawaida. Karudi 2024, na Machi 2025 akawa bingwa wa dunia kule Boston bila mruko wa mara nne, bila hata akseli ya mara tatu. Ustadi wa kutelezea kingo za chuma cha skeiti, spidi, kutua bila kusimama, vyote vilikuwepo.

Kwahiyo mtoto ninayemfundisha akianza kurefuka napunguza miruko mara moja, tunarudi kwenye kingo, kugeuka, spini, na akseli ya mara mbili iliyo safi. Viatu navikagua mara kwa mara, mguu unakua haraka na kiatu kikibana kifundo hakikunji, anatua mguu umekakamaa na goti ndo linalobeba yote. Mruko wa mara tatu unarudi taratibu, kwanza ile rahisi zaidi, toluupu na salkau, lutzi na akseli za mwisho. Kwa wengine inachukua miezi, kwa wengine msimu mzima, na wakati huo wote mzazi naye asimpandishe mtoto kwenye mizani.